Kuchagua Mti wa Ndimu au Chungwa kwa Kinywaji cha Nyumbani

Kabla ya kwenda kitaluni, mwenye nyumba ajiulize kwanza ni kinywaji gani hasa kinachonywewa kwake kila siku, kwa maana mti wa kujaza jagi la juisi si ule wa kukamulia kwenye chai ya rangi. Glasi moja ya juisi humaliza machungwa matatu au manne, ilhali ndimu moja hutosha glasi nzima ya maji yenye sukari. Kwa hiyo, palipo na nafasi ya mti mmoja tu, ningeshauri mndimu bila kusita: hauhitaji zaidi ya mita nne hivi, na katika joto la pwani huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kasoro yake ni miiba, na mwenye watoto wadogo atafute ndimu ya Tahiti, ambayo haina mbegu na miiba yake ni michache.

Mwenye uwanja mpana anaweza kupanda mchungwa, akiuachia mita sita kila upande. Hapa aina ina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Valencia ndiyo ya juisi; Washington Navel, lile chungwa lenye kitovu, ni tamu sana kwa kula, lakini juisi yake huanza kuwa chungu ikikaa saa chache, hata ndani ya friji. Wala usingoje ganda ligeuke rangi, kwani huku kwetu, kuanzia Muheza hadi Unguja, usiku hauna baridi ya kutosha na chungwa huiva likiwa bado kijani. Chuma moja, ulionje.

Mchenza hutoa juisi tamu isiyo na ukali, na danzi lafaa zaidi achari kuliko glasi. Balungi ni zuri, ila anayetumia dawa za shinikizo la damu au za kupunguza lehemu amuulize daktari kwanza, kwa sababu juisi yake huvuruga utendaji wa baadhi ya dawa hizo.

Kitaluni, nunua mche uliobebeshwa, yaani kijiti cha aina unayoitaka kilichounganishwa juu ya shina la mti mwingine, ambao huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, na si ule wa mbegu, unaoweza kukuweka miaka saba. Tafuta kovu la kubebeshea juu kidogo ya udongo wa kifuko. Ukikuta chipukizi chini ya kovu, fikicha jani lake: likinuka limau, hilo ni shina la chini linalotaka kuutawala mti, na lisipokatwa utakuja kuchuma malimau makali juu ya kile ulichonunua kama mchungwa. Wakati wa kupanda, kovu hilo lisifukiwe.

Miezi ya mwanzo, kagua majani machanga kila asubuhi. Kiwavi kinachofanana na kinyesi cha ndege huweza kuumaliza mche mdogo kwa siku chache, na dawa yake ni vidole viwili tu.