Namna ya kubaki na hamu ya Kiingereza hata kama darasa zima ni mashindano

Jamani wanafunzi, hii ishu tuiongelee. Unakuta mtu kasoma Kiingereza miaka yote, pepa kafanya, maksi kapata, halafu matokeo yakishatoka daftari linatupwa chini ya kitanda na hataki hata kuliona. Sio uvivu. Kama ulikuwa unasoma ili tu usishike mkia, basi mtihani ukiisha na sababu ya kusoma imeisha.

Mwanasaikolojia Edward Deci aliliona hili mwaka 1971. Aliwapa wanafunzi wa chuo mafumbo ya kupanga vipande, kundi moja akalilipa hela kwa kila fumbo, na alipoacha kulipa wale waliolipwa wakipewa muda wa kupumzika wakawa hawayashiki mafumbo kama mwanzo. Maksi nazo zinaweza kukufanyia hivyo hivyo.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa, kipe Kiingereza kazi nyingine nje ya mtihani, na iwe kazi yako wewe, sio ya mzazi wala ya ticha. Unapenda mpira? Soma ripoti za mechi. Unapenda kufungua fungua simu? Angalia video za mafundi. Chagua kitu ambacho hata kwa lugha yako ungekifuatilia, na usikimbilie kamusi kwa kila neno maana utachoka mapema, subiri yale yanayojirudia ndio uyaandike. Ukishayaandika yapitie kesho yake, halafu baada ya siku tatu, halafu wiki, kwa sababu tangu utafiti wa mwanasaikolojia Mjerumani Ebbinghaus mwaka 1885 inajulikana kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni.

Sasa hii namba ya darasani. Inategemea na wenzako, yaani unaweza ukawa umepanda kweli kweli na bado ukashuka namba kwa vile wengine wamepanda zaidi. Tafuta kipimo chako mwenyewe: chukua simu, jirekodi dakika moja ukieleza siku yako ilivyokwenda, bila kusoma popote, weka tarehe na usiifute hata kama imekukera. Mwisho wa mwezi jirekodi tena halafu sikiliza zote mbili kwa pamoja. Kwenye ya kwanza utajisikia "yesterday I go... eee... I go to..." na kwenye ya pili "I went" imetoka yenyewe. Hiyo hakuna orodha ya matokeo itakayokuonyesha.

Halafu usijifungie peke yako. Tafuta mwenzako mmoja, hata yule mnayegombania naye nafasi, mkubaliane kuongea Kiingereza kila siku kidogo na hakuna kumcheka mtu. Kuchekwa kunafunga midomo ya watu kuliko sarufi ngumu, nalisema hili kwa uchungu kabisa. Na nyie walimu mnaosoma namba za watoto kwa sauti mbele ya darasa, tafadhali mpeni kila mmoja matokeo yake mkononi.

Mtihani nao upo, siwadanganyi. Ukikaribia fanya pepa za nyuma ukiwa umetega saa, sahihisha siku hiyo hiyo, na lile kosa lililojirudia mara nyingi zaidi ndio ulifanyie kazi wiki nzima kabla hujagusa pepa nyingine.