Ukianza judo ukubwani, anzia chini

Nilipopiga hodi kwenye ukumbi wa judo hapa Unguja nilikuwa na miaka 39, mama wa watoto watatu, mwalimu wa skuli ya msingi. Sasa nipo mwaka wa nne, na kila mtu mzima anayeniuliza aanze na nini namjibu lile lile: jifunze kuanguka. Mitupo itakuja.

Mtoto akianguka hujiachia. Sisi watu wazima tunaogopa sakafu, na woga huo ndio unaotuumiza, kwa sababu mkono hukimbia nyuma kuidaka ardhi. Mimi mwezi wa pili nilitanguliza kiganja. Kifundo kikateguka, na kwa wiki tano nazi nyumbani kwangu ilikunwa na binti yangu.

Wajapani huita ufundi huu ukemi. Anza ukiwa umelala chali, kisha uchuchumae, kusimama kuje mwisho. Unaporudi nyuma, ingiza kidevu kifuani na utazame fundo la mkanda wako. Ukiliona fundo, kisogo hakitagonga. Mkono upige mkeka kwa kiganja na kigasha chote kwa pamoja, viganja vikitazama chini, mkono ukiwa karibu na mwili kuliko usawa wa bega. Kiwiko kisitangulie. Toa pumzi unapogusa chini. Kishindo kinatawanyika kwenye eneo kubwa badala ya kuishia kwenye mfupa mmoja. Mimi nilifanya mara thelathini kila siku ya mazoezi, miezi mitatu, na hata leo sianzi bila hizo.

La pili ni kugonga, yaani kumwashiria mwenzako akuachie. Ukibanwa kiwiko au ukikabwa, gonga mara mbili kwa nguvu, juu ya mwenzako au juu ya mkeka. Mikono ikiwa imenaswa, gonga kwa mguu au sema kwa sauti. Usingoje maumivu. Kiwiko kikishanyooka hakina nafasi kubwa iliyobaki, na kabali iliyokaa sawasawa humzimisha mtu kwa sekunde chache tu. Nimeona wanaume wazima wakiona haya kumgongea kijana wa miaka ishirini. Tafadhali, gonga. Kijana ataachia, mtaanza upya.

Kabla ya kulipa ada, nenda ukakae ubavuni siku mbili utazame. Usitazame nani anatupa vizuri. Tazama mwenye mkanda mweusi anavyomtupa mwenye mkanda mweupe. Anayejali hubaki ameushika mkono wa nguo wa mwenzake na kuuvuta juu kidogo wakati wa kutua, ili ubavu ushuke taratibu na kichwa kisiguse. Ukiona wakubwa wanawatupa wageni na kuwaachia hewani, na mwalimu kimya, ondoka. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko vikombe vyote vilivyopangwa kabatini.

Nguo ya judo usiikimbilie. Mwezi wa kwanza suruali ndefu na fulana nzito ya mikono mirefu zinatosha, ukimwuliza mwalimu. Ukinunua, chukua iliyokuzidi kidogo, maana pamba hurudi ikifuliwa. Kata kucha za mikono na miguu, vua pete na hereni, na kandambili ziishie ukingoni mwa mkeka.

Dada zangu mnaojistiri, vaeni mtandio wa kuvuta kichwani, usio na pini hata moja. Pini inaweza kukuchoma wewe au mwenzio jichoni. Kwenye Olimpiki ya London 2012, Wojdan Shaherkani wa Saudi Arabia, msichana wa miaka 16, alicheza judo akiwa amefunika nywele, baada ya mabishano makubwa kuhusu usalama. Alishindwa ndani ya sekunde 82. Siku niliyosita mlangoni, ni yeye niliyemkumbuka.

Mwenye presha, mgongo wa zamani au mimba amwone daktari kwanza, na mwalimu aambiwe. Siku mbili kwa wiki zinatosha mwaka wa kwanza. Viungo vya ukubwani vinataka kupumzika. Ramadhani mimi huenda baada ya tarawehe, na nafanya uchikomi tu: kuingia kwenye mtupo na kurudi, bila kumwangusha mtu.

Halafu itafika siku ya randori, mchezo huru. Usimtafute mgeni mwenzako, kwa sababu wawili wasiojua huanguka vibaya, mmoja juu ya goti la mwenzie. Mwendee mwenye mkanda wa kahawia, inama, mwambie: "Kaka, mimi mgeni, goti langu la kushoto si zima, twende polepole." Kisha mshike ukosi na mkono wa nguo, pumua, umwache akuangushe.