Kupaka rangi ukurasa wa katuni: ngozi, kanga na mtambo wa kuchapia

Haya ninayaandika kwa mtu ambaye kuchora anajua, hata kama kuchora vidole vya mikono bado kunamsumbua, na sasa anataka ukurasa wake upate rangi na uende kuchapwa. Nitatumia mfano mmoja: ukurasa wa fremu tano, mama muuza samaki pale soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, saa kumi na moja na nusu jioni, anabishana bei na kijana aliyekuja na ndoo.

Anza na maneno. Mazungumzo yote yaandike kwa penseli ndani ya fremu kabla hujagusa uso wa mtu yeyote, kwa ukubwa uleule yatakaochapwa nao. Kiswahili kina maneno marefu: "hatukukubaliana" peke yake linakula mstari mzima wa puto la maneno, na kulikata katikati kunamkwaza msomaji. Anayetangulia kusema akae kushoto na puto lake liwe juu. Maputo yakishapata nafasi zao, ndipo watu wapangwe.

Mimi huchora kwenye A3 hata kama kitabu kitakuwa A4. Urefu wa kila kitu unashuka hadi asilimia 71, kwa hiyo vistari ulivyovibananisha kuonyesha kivuli vitaungana na kuwa doa. Viachanishe. Penseli HB, mkono mwepesi. Picha inayofika ukingoni mwa ukurasa ipitilize milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, na maneno yasisogee huko kabisa.

Kwenye wino ndipo ninapowasihi watu wasiharakishe. Ukimaliza kutia wino, bandika ukurasa ukutani, rudi nyuma mpaka usiweze kusoma maneno, utazame. Je, unaona nani anasema na nani, na ni wapi? Kama huoni, rangi haitakusaidia, itaongeza fujo tu. Tafuta sehemu za kujaza weusi mzito: uvungu wa meza ya samaki, mlango wa ghala, upande wa kivuli wa ndoo. Weusi wa namna hiyo, ukiwepo kidogo katika kila fremu, unaongoza jicho kutoka fremu ya kwanza hadi ya tano.

Lakini usoni, punguza wino. Wengi wetu tulijifunza kwa kunakili katuni za Marekani na Ulaya, ambamo shavu jeupe linatiwa vistari ili lionekane limeviringika. Vistari hivyo ukivihamishia kwenye uso wa mama yetu, kisha ukaweka rangi ya ngozi juu yake, macho na midomo vinapotea. Chora jicho, pua, mdomo na mstari wa taya, basi. Mviringo wa shavu iachie rangi.

Skani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Kama huna kompyuta, usikate tamaa. Piga fotokopi ya leza kwenye karatasi nzito, upake rangi za maji juu ya nakala. Wino wa unga wa mashine ya leza hauyeyuki kwa maji, tofauti na wa printa nyingi za wino wa majimaji. Wafaransa na Wabelgiji walitumia njia inayokaribia hiyo kwa miaka mingi: michoro ilichapwa hafifu kwa buluu au kijivu, mtia rangi akafanya kazi yake juu ya karatasi hiyo, na mistari myeusi ikawekwa juu kwa plastiki inayopitisha mwanga. Mchoro halisi ulibaki salama, na rangi zikiharibika unarudia tu kwenye nakala nyingine.

Kwa kompyuta, Krita ni programu ya bure na inatosha. Wino ukae leya (tabaka) ya juu kabisa, ukiwa katika hali ya Multiply, ili weupe wa karatasi usionekane. Chini yake fungua leya ya rangi bapa: kila kitu rangi moja, bila kivuli, kwa brashi yenye ukingo mkali usiofifia. Ukingo mkali ndio utakaokuwezesha kuchagua kanga nzima kwa mbofyo mmoja baadaye.

Anza na usuli, watu wafuate. Wachoraji wa mtindo wa Tingatinga hufanya hivyo: hutandaza rangi ya nyuma ubao mzima, kisha mnyama anakuja juu yake. Ukianza na watu kwenye karatasi nyeupe, utawapa rangi zinazopendeza juu ya weupe, na ukiweka anga ya jioni wataonekana wamebandikwa. Na hapa ujue mahali pako. Dar es Salaam bahari iko mashariki. Jua linazama upande wa mjini. Pale Feri jioni mwanga wa rangi ya chungwa unatoka kwenye majengo, na upande wa bahari unabaki na ubuluu uliopoa. Mchoraji anayezamisha jua kwenye maji ya Feri anajulikana mara moja kwamba hajawahi kununua samaki pale.

Sasa ngozi. Usitumie kahawia moja kwa watu wote. Kwa mama huyu naanza na asilimia hizi za rangi nne za kuchapia: sayani (buluu-kijani) 35, majenta (waridi kali) 60, njano 70, nyeusi 25. Kijana ana wekundu zaidi, basi sayani inashuka na majenta inapanda kidogo. Kivuli usikipate kwa kuongeza weusi peke yake, kwa sababu ngozi inageuka jivu. Pamoja na weusi, ongeza sayani na majenta, punguza njano, uelekee zambarau: 55, 70, 55, 45. Kisha mng'ao. Kwenye ngozi nyeusi mng'ao huonekana wazi zaidi, na huchukua rangi ya kinachoangaza. Kwa hiyo upande wa mjini, kwenye paji la uso, ncha ya pua na mfupa wa shavu, weka chungwa. Upande wa bahari, pembeni mwa taya na shingo, pitisha utepe mwembamba wa buluu. Utepe huo una kazi nyingine: unatenganisha ngozi na mstari wa wino. Ukiwa na wasiwasi, geuza picha iwe kijivu kitupu. Ngozi ikizidi asilimia 65 ya weusi, mistari ya uso imeanza kuzama, ipandishe mwanga.

Kanga inastahili muda wako. Ina pindo pande zote, mji katikati, na jina. Ukimimina urembo wake bapa, mwili wa mama unakuwa ubao. Chora mikunjo kwanza, kisha upitishe pindo likivunjika kila linapokutana na mkunjo. Jina lifuate nyonga, na mkunjo ulimeze nusu. Mimi nimemvika "Wema hauozi", maneno mawili yanayoonekana hata yakipinda, na kwa mtu mwenye samaki wa kuuza kabla giza halijaingia yana uzito wake. Ipe kanga rangi mbili au tatu, na nyekundu kali usimpe mtu mwingine yeyote katika ukurasa. Katuni za zamani za Marekani zilichapwa kwa rangi 64 tu, yaani sayani, majenta na njano, kila moja ikiwa haipo, au asilimia 25, 50 au 100. Uhaba huo uliwalazimisha kuchagua, na kurasa zao zilisomeka kwa mbali.

Kabla ya kupeleka kazi kiwandani, muulize mpiga chapa aina ya karatasi. Kwa karatasi ya gazeti, jumla ya asilimia za rangi nne mahali popote isizidi 240 hivi, la sivyo haikauki na inachafua ukurasa wa pili. Mistari na maneno yawe nyeusi 100 peke yake, bila rangi nyingine tatu. Kila rangi ina bamba lake mtamboni. Bamba likisogea hata kidogo, herufi iliyotengenezwa kwa rangi nne inaota ukungu wa waridi na buluu, lakini ya nyeusi tupu inabaki safi. Hifadhi rangi kwa dpi 300 katika mfumo wa sayani, majenta, njano na nyeusi, na wino faili lake kwa dpi 600. Omba uchapiwe ukurasa mmoja wa majaribio kwenye karatasi ileile, utoke nao nje uutazame kwenye mwanga wa mchana, uanze na uso wa mama.