Kabla hujanunua jiwe la kwanza: namna ya kuingia kwenye kazi ya vito

Wengi wanaotaka kuingia kwenye kazi hii huuliza kwanza kuhusu mtaji. Mimi huuliza: ukipewa mawe mawili mekundu, utayatofautishaje? Ndiyo maana katika mwongozo huu pesa zinatajwa mwishoni.

Hatua ya 1: Chagua mlango

Kuna sonara, kuna mkata vito, kuna fundi wa kupachika mawe, kuna mtaalamu wa kutambua vito maabara, kuna dalali na kuna muuzaji wa dukani. Usonara na ukataji hujifunzwa kwa kukaa chini ya fundi, na si kwa muda mfupi. Kama huna fundi wala fedha, omba kazi ya dukani. Watu huidharau, lakini kila siku utashika mali ya wengine bila kuhatarisha yako.

Hatua ya 2: Tafuta elimu ya vito

Taasisi za vito kama GIA ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1931, na Gem-A ya Uingereza hufundisha hata kwa njia ya mtandao, na vyeti vyao vinatambulika kwingi. Ada si ndogo. Ukikosa, soma vitabu vyao vya zamani huku ukifanya mazoezi.

Hatua ya 3: Nunua vifaa vichache

Lenzi ya mkono inayokuza mara 10, koleo la vito, tochi ndogo, na mizani inayosoma mpaka karati 0.01. Karati moja ya jiwe ni gramu 0.2. Karati ya dhahabu ni habari nyingine kabisa, kwani hiyo hupima usafi: dhahabu ya karati 18 ina asilimia 75 ya dhahabu halisi.

Lenzi iwe karibu kabisa na jicho, kisha usogeze jiwe mpaka lionekane vizuri. Macho yote mawili yawe wazi, la sivyo utachoka upesi.

Hatua ya 4: Zoeza jicho kwa mawe ya bei ndogo

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Chukua rubi na spineli nyekundu, jiwe jingine linalofanana nayo. Kwa macho matupu zinaweza kumdanganya yeyote. Hata ile "rubi" kubwa iliyo mbele ya taji la kifalme la Uingereza ni spineli. Kwenye refraktomita, kifaa kinachopima jinsi jiwe linavyopinda mwanga, rubi husoma takriban 1.76 hadi 1.77 na huonyesha vipimo viwili, kwa kuwa huugawa mwanga sehemu mbili. Spineli husoma karibu na 1.72, kipimo kimoja tu.

Lakini refraktomita haitakuokoa mbele ya rubi ya kutengenezwa, ambayo Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mbinu yake mwaka 1902. Hiyo ni rubi kwa kila kipimo, ila haikutoka ardhini. Rudi kwenye lenzi au hadubini utafute mistari ya ukuaji iliyopinda na viputo vya hewa. Katika jiwe la asili mistari hiyo hunyooka au hukunja pembe.

Usijaribu ugumu kwa kukwaruza jiwe la mtu. Utalipa.

Hatua ya 5: Jua mawe yanavyofanyiwa kazi

Yakuti nyingi huchomwa ili rangi itulie, na soko linakubali. Zumaridi hutiwa mafuta kufunika nyufa, kwa hiyo usiioshe kwa mashine ya mitetemo. Rubi iliyojazwa kioo ni ya kuogopa zaidi: asidi ya sonara au moto wake huiharibu. Vyote hivi mwambie mnunuzi kabla hajauliza.

Hatua ya 6: Anza na mali ya dhamana

Badala ya kununua, chukua jiwe kwa mwenye mali, ukiuza unamlipa, usipouza unarudisha. Pimeni uzito pamoja, mkiwa wawili. Andikeni uzito, vipimo vya upana na urefu, bei mliyokubaliana na siku ya kurudisha, mpige picha, mtie saini. Siku ya kurudisha, mwombe alipime tena ukiwepo, kisha akurudishie karatasi uliyosaini.