Kuingia kwenye seva ya Linux kwa ufunguo badala ya nywila

Seva yenye anwani ya wazi kwenye intaneti hukaa muda mfupi tu kabla ya wageni kuanza kupiga hodi. Kwenye Ubuntu na Debian zenye rsyslog (programu inayoandika kumbukumbu za mfumo), ukifungua /var/log/auth.log utakuta mistari ya "Failed password for root" (root ni mtumiaji mwenye mamlaka yote) ikifuatana, yote ikitokana na programu zinazokisia nywila usiku na mchana. Tutaziondoa nywila na kutumia jozi ya funguo za SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali.

Kwanza, tengeneza funguo kwenye kompyuta yako mwenyewe, si kwenye seva:

ssh-keygen -t ed25519

Utapata mafaili mawili ndani ya folda ya .ssh. La id_ed25519 ni ufunguo wa siri, usiotumwa popote, hata kwa barua pepe ya kujitumia mwenyewe; lenye .pub ni la umma. Ukiombwa nywila ya kuulinda ufunguo, iweke, kwa kuwa kompyuta ikiibwa ndiyo itakayomkwamisha mwizi.

Pili, peleka ufunguo wa umma kwa mtumiaji wa kawaida mwenye ruhusa ya sudo, yaani ya kutekeleza amri za msimamizi (juma na anwani hii ni mifano, weka zako):

ssh-copy-id juma@203.0.113.10

Tatu, fungua terminali nyingine ujaribu kuingia, huku ya kwanza ukiiacha wazi. Niliwahi kuiruka hatua hii, nikazima nywila kabla ufunguo haujafika, nikabaki nje ya seva yangu mpaka nilipoingia kupitia konsoli ya kampuni iliyonikodishia.

Nne, unda faili la /etc/ssh/sshd_config.d/00-funguo.conf na uandike:

PasswordAuthentication no
KbdInteractiveAuthentication no
PermitRootLogin no

Tarakimu 00 zina kazi yake: sshd, programu ya SSH upande wa seva, hushika agizo la kwanza inalolikuta, na seva nyingi za kukodi za Ubuntu huja na 50-cloud-init.conf linaloruhusu nywila, hivyo agizo lako likisomwa baada ya hilo halitasikilizwa, wala hutaonywa.

Kisha kagua mipangilio na uianzishe upya huduma ya SSH:

sudo sshd -t
sudo systemctl restart ssh

Amri ya kwanza ikikaa kimya, mambo ni shwari.

Tano, ngome (firewall), ambayo hapa ni ufw. Tanguliza sudo ufw allow OpenSSH, ndipo ufuate sudo ufw enable. Ukianza na ya pili, ukitoka hutarudi. Kuhama poti 22, ambayo SSH huitumia kwa kawaida, hupunguza kelele kwenye kumbukumbu, ila mimi sikuhesabu kuwa ulinzi.

Mwisho, jifanye mgeni asiye na ufunguo:

ssh -o PubkeyAuthentication=no juma@203.0.113.10

Unapaswa kujibiwa "Permission denied" papo hapo. Ukiulizwa nywila, rudi hatua ya nne.