Raki mbili tatu? Swichi mbili zinatosha
Bandugu ba hapa Goma benye munafunga rezo, kama sale yenu ya seva iko na raki (kabati ya kuweka seva) mbili ao tatu musikimbilie kununua spaini na lifu kamili (lifu ni swichi zenye seva zinaingia, spaini ni za katikati zenye kuunganisha lifu zote), ile ni ya benye kuwa na seva mingi. Kamata swichi mbili za nguvu, hizo hizo zifanye kazi ya spaini na ya lifu, muziunganishe moja kwa ingine na kebo mbili, VXLAN (njia ya kupitisha rezo za ndani juu ya rezo ya IP) na EVPN (yenye kuambia swichi kila mashini iko wapi) inaishia hapo kati yao. Swichi ndogo ya juu ya raki haina lazima ijue VXLAN, yenyewe inapanda na LACP (kufunga kebo mbili zifanye kazi kama moja), kebo moja kwa kila swichi kubwa, moja ikizimika (umeme ya kwetu munaijua) ingine inabeba. Geti (mlango wa kutokea) ya kila VLAN (kipande ya rezo) iweke IP ile ile ku swichi kubwa zote mbili. Penye inabana ni porti, zikijaa itabidi ununue spaini za kweli na hizi zishuke kuwa lifu. Ju ya ile acha porti za kasi kubwa wazi, na ukague kwanza kama modeli inakubali VXLAN, kuko za bei chini zenye haziijue kabisa.