Kabla hujanunua dawa ya minyoo ya ini, kamtafute konokono

Juzi nilikuwa kwa shemeji yangu Mbarali, ng'ombe wake wamekonda, mmoja kavimba chini ya taya, na kila baada ya miezi michache anawachoma ivamektini, ile sindano ya minyoo ya kawaida. Shemeji, ivamektini haiui minyoo bapa ya ini hata uchome pipa zima! Na hata ukipata dawa yenyewe, ng'ombe akirudi kunywa palepale penye konokono umetupa hela.

Hatua ya 1. Peleka kinyesi maabara ya mifugo wakaangalie mayai ya minyoo hiyo. Kama kuna aliyechinjwa, pasua ini uangalie kama minyoo imo kwenye ile mirija ya nyongo.

Hatua ya 2. Tafuta konokono. Hii ndo ilinila siku nzima mara ya kwanza, maana nilijaza ndoo ya konokono ambao hawahusiki kabisa. Usihangaike katikati ya mto, pita pembeni kwenye maji yaliyotulia, mitaro ya mpunga, bomba linapovuja, ukichota na chujio la chai lililofungwa kwenye fimbo (ni bora kuliko wavu wowote wa dukani). Vaa glovu na buti, maji hayohayo yana kichocho. Sasa mshike konokono ncha ya gamba ikiwa juu na mlango (lile tundu analotokea) ukutazame wewe. Mlango ukiwa kushoto, huyo ni wa kichocho na minyoo bapa ya tumbo. Ukiwa kulia, usishangilie bado, mimi ndo nilipokosea hapo, angalia kama mlangoni kuna kifuniko kigumu anachojifungia. Akiwa nacho mwache, siyo yeye. Tunayemtaka ana mlango mpana upande wa kulia, hana kifuniko, na gamba lake ni jembamba, ukibonyeza kidogo tu linapasuka. Halafu usipompata leo usiseme hayupo, mvua kubwa huwa inawazoa, rudi tena baada ya wiki kadhaa.

Kwa nini nakomaa na huyu mdudu? Yai la mnyoo likianguliwa majini, kile kitoto kina kama siku moja tu kumpata konokono, akimkosa anakufa. Akimpata, anazaliana humo ndani mpaka wanatoka mamia, wanaenda kuganda kwenye majani usawa wa maji, ng'ombe anakula.

Hatua ya 3. Watenganishe. Weka birika la kunyweshea mbali na bonde, piga uzio penye tope, ziba panapovuja. Majani ya bondeni kata, yakauke juani kabisa ndo uwape. Bata wanakula konokono vizuri sana, mimi nawapenda kuliko dawa yoyote ya maji. Mrututu (kopa salfeti) unaua konokono kweli, ila unaua na samaki, na kondoo anadhurika haraka, kwangu hauingii.

Hatua ya 4. Sasa dawa. Triklabendazoli inaua michanga na mikubwa, albendazoli inaua mikubwa tu, tena kwa dozi kubwa kuliko ya minyoo ya kawaida. Pima uzito kwa mkanda, usikadirie kwa macho. Soma kwenye chupa siku za kutouza maziwa.

Shemeji kashakata pipa la lita 200 katikati, ndo birika. Bata watano kanunua pia, ila dada kagoma kuwalisha.